Taa ya eabegi, namba ya chesisi na wito wa Takata: tafuta tatizo dalili kwa dalili

Gari la mtumba likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa linapewa namba mpya za usajili. Namba ya chesisi haibadiliki, na wito wowote wa kiwanda (rikoli, yaani kiwanda kuyaita magari yake yarudi yarekebishwe kasoro) ambao haukutekelezwa Japani unavuka bahari pamoja na gari. Wenye magari wengi hawalijui hilo. Wanadhani rikoli ni mambo ya Wajapani na Wamarekani. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata malalamiko yanayojirudia kuhusu mifuko ya hewa, ile ambayo mafundi huiita eabegi, na hasa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata.

Kwanza elewa kinachoharibika. Mfuko wa hewa haujazwi na pampu. Nyuma yake kuna kopo la chuma lenye vidonge vya baruti. Gari likigonga, kompyuta inapeleka umeme kidogo kwenye kopo, baruti inaungua, na gesi inaujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Takata walitumia amoniamu naitreti, kemikali inayotumika pia kwenye mbolea na kulipulia miamba migodini. Inavuta unyevu. Ikipitia miaka ya joto kali mchana na kupoa usiku, huku hewa ina unyevu, vidonge vinachakaa. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapenya kitambaa cha mfuko kuelekea shingoni na usoni mwa aliyekaa mbele. Watu wamekufa katika migongano midogo ambayo bila mfuko huo wangeshuka na kwenda nyumbani.

Honda walitoa wito wa kwanza Novemba 2008. Baadaye wakafuata Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW, Ford na wengine, hadi makopo yaliyoitwa yakafikia takriban milioni 100 duniani. Mwaka 2017 Takata walikiri kosa la jinai mahakamani Marekani na kufilisika mwaka huohuo. Suala lenyewe halijaisha: Juni 2025 Ufaransa bado ilikuwa inawaambia wenye Citroën C3 na DS3 wayaegeshe magari yao mpaka yabadilishwe makopo.

Marekani ilipopanga nani ahudumiwe kwanza, ilianza na sehemu za joto na unyevu: Florida, Hawaii, Puerto Rico. Sasa fikiria Tanga, Unguja, Dar, Mombasa, Lamu. Gari lililoishi miaka minane kwenye baridi ya Hokkaido, kisha likaja kuegeshwa juani Kariakoo kila siku, limehamia kwenye hali ya hewa inayoliumiza zaidi kopo hilo.

Dalili ya kwanza: hakuna dalili

Nimeanza na hii kwa sababu ndiyo inayoua. Gari linawaka vizuri, taa ya eabegi inazima inavyotakiwa, honi inalia. Mwenye gari anasema, "Langu ni zima, taa haijawaka."

Taa ile haiwezi kuona baruti. Kompyuta ya mifuko ya hewa inapima waya tu: je, umeme unaweza kufika kwenye kopo na kurudi? Ikiwa waya ni mzima, taa inazima, hata kama vidonge ndani vimeoza. Fundi naye hawezi kulipima kopo kwa macho wala kwa mashine. Kwa hiyo njia ya kujua ni moja, namba ya chesisi.

Ishuku kwanza Toyota Corolla ya umbo la NZE121 na ndugu zake, Vitz za kuanzia 2005, RAV4 za 2003 hadi 2005, Honda Fit, Nissan X-Trail ya umbo la kwanza, Subaru Impreza na Forester, na Mazda Atenza. Orodha kamili ni ndefu mno. Hata mifano hii haijaitwa yote; inategemea mwezi gari lilipotengenezwa, na hata ni kopo la upande gani. Mara nyingi kwenye Toyota ni la abiria, si la dereva. Usimwambie jirani kwamba gari lake ni salama kwa sababu lako ni salama.

Kagua hivi. Chukua kadi ya gari, au logbuku kwa walioko Kenya, uandike namba ya chesisi. Fungua boneti uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye chuma au kwenye bamba la ukuta unaotenganisha injini na abiria. Herufi moja ikitofautiana, fuata iliyo kwenye chuma. Kisha nenda kwenye ukurasa wa rikoli wa kiwanda chenyewe cha Japani, si wa Marekani.

Dalili: mtandao unasema namba haipo

Hili ndilo lalamiko linaloniletea watu wengi zaidi, na wengi huishia kufurahi bure.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo hiyo: umeingia kwenye ukurasa wa Marekani au Ulaya. Kule namba ina tarakimu na herufi 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya hivyo. Lina jina la umbo, kistari, kisha namba, kwa mfano NZE121 kistari halafu tarakimu saba. Ukurasa wa Marekani ukikujibu kwamba hakuna kitu, maana yake hauijui namba yako. Haujakuambia kwamba gari ni salama.

Sababu ya pili ni jinsi ulivyoandika. Kurasa za Kijapani mara nyingi zina visanduku viwili, kimoja cha kabla ya kistari na kingine cha baada yake. Usiandike kistari, wala usiache nafasi. Angalia kama umeandika herufi O mahali pa sifuri; kwenye kadi za usajili kosa hilo lipo sana.

Sababu ya tatu, ambayo si ya kawaida lakini ni nzito: namba iliyo kwenye kadi si ya gari hilo. Hapo simama. Hilo si suala la rikoli tena, ni la polisi na mamlaka ya usajili, na usilinunue gari hilo.

Ukurasa ukifunguka utakuwa wa Kijapani. Tumia tafsiri ya kivinjari, lakini jifunze pia kuyatambua maandishi 未実施, maana yake kazi bado haijafanywa. Ukiyaona hayo, piga picha ya ukurasa wote, pamoja na namba ya wito na tarehe. Picha hiyo utaihitaji mbele ya wakala wa kiwanda hicho nchini mwako.

Dalili: taa ya eabegi inawaka na haizimi

Hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Taa kuwaka si ishara ya kopo la Takata. Ni ishara kwamba mfumo una hitilafu ya umeme, na kwa hiyo inawezekana kabisa mfuko usifunguke siku ukiuhitaji. Gari linaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja.

Anza na soketi za njano chini ya viti vya mbele. Waya zote za mfumo huu zina soketi za njano ili fundi ajue asizichezee. Kiti kikisogezwa mbele na nyuma mara nyingi, au mtoto wa pale kwenye kuosha magari akivuta zulia, soketi inalegea. Chungulia kwa tochi tu. Ukiona imeachia au ina kutu, usiisukume papo hapo. Zima gari, toa ufunguo, fungua kebo hasi ya betri, subiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90, mimi nasubiri dakika tano. Kompyuta hii hubaki na umeme wa akiba wa kuufungua mfuko hata betri ikikatika wakati wa ajali, na muda huo ni wa kuuacha uishe.

Maji ni sababu ya pili kwa Dar. Kila masika magari yanapita kwenye maji ya Jangwani na Msimbazi yakiwa yamezama hadi mlangoni. Zulia linakauka juu, chini linabaki na unyevu kwa wiki nzima, na soketi zinaliwa. Kompyuta yenyewe ya mifuko ya hewa kwenye magari mengi imefungwa sakafuni katikati, chini ya giya. Ikiwa maji yamefika hapo, usitafute njia ya mkato: ni fundi wa umeme mwenye uzoefu wa mfumo huu, si fundi wa redio.

Betri dhaifu nayo huacha kodi, yaani namba ya kosa, kwenye kompyuta. Ikiwa taa ilianza siku gari lilipogoma kuwaka au lilipopigwa jampa, shughulikia betri kwanza, kisha kodi ifutwe, uone kama itarudi.

Mwisho ni kopo au mfuko wenyewe, au mkanda wa usalama wenye kifaa cha kujikaza. Hapo unahitaji mashine ya kusoma kodi za eabegi. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kwa bei rahisi kinasoma injini tu. Kikikuambia hakuna kosa, hakijaangalia mfumo huu. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, B0101 ni njia ya umeme iliyokatika upande wa dereva, na B0106 ni upande wa abiria.

Acha kazi mara moja ukimwona mtu anachukua mita ya kupimia waya, au taa ya majaribio, na kuigusisha kwenye soketi ya njano iliyounganishwa na mfuko. Umeme mdogo wa kifaa hicho unaweza kuulipua. Mfuko ukifunguka uso wa fundi ukiwa juu yake, unavunja mifupa, na hapo nazungumzia kopo zima.

Dalili: honi imekufa, vitufe vya usukani havifanyi kazi, na taa inawaka

Hii karibu haina mjadala. Ndani ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringisha kama springi ya saa ya zamani, mafundi huuita spairo au spaira. Unapitisha umeme wa honi na wa mfuko huku usukani unazunguka. Ukikatika, vyote vinakufa pamoja. Aprili 2014 Toyota waliita zaidi ya magari milioni sita duniani kwa matatizo kadhaa, na mojawapo lilikuwa hili la spairo, kwa hiyo pitisha namba ya chesisi kabla ya kununua spea kwa fedha zako.

Kama gari halijaitwa, spairo inabadilishwa nzima. Haiungwi. Nimeshaona iliyofungwa kwa gundi na gazeti. Jambo lingine ni kuiweka katikati kabla ya kurudisha usukani. Fundi asipohesabu mizunguko, itakatika siku ya kwanza utakapokata kona hadi mwisho. Fundi ambaye hajui kuiweka katikati usimpe usukani wako.

Dalili: taa haiwaki kabisa hata ukifungua switchi

Soma sehemu hii hata kama gari lako halina shida, hasa kama unataka kununua.

Fungua switchi bila kupiga stata. Taa ya eabegi inatakiwa iwake, ikae sekunde sita hivi, kisha izime yenyewe injini ikiwa bado haijawaka. Kuna aina tatu za udanganyifu. Ya kawaida ni taa kutolewa au kuzibwa kwa utepe mweusi, haitawaka kabisa. Ya pili ni kuiunganisha na taa ya oili au ya chaji. Hii inawaka vizuri, lakini ukisubiri haizimi mpaka injini iwake, na inazima sekunde ileile inayozima ya oili. Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu jaribio hilo haliigundui: kizuizi kidogo cha umeme kimefungwa mahali pa mfuko, kompyuta inaona kana kwamba mfuko upo. Taa inafuata sheria zote, na ndani ya usukani hamna kitu.

Mwaka niliponunua Corolla yangu ya kwanza niliuliza kuhusu hiyo taa kwenye gereji moja. Fundi akaniambia, "Bosi, hiyo ni ya eabegi tu, nimeshakuzimia, haitakusumbua." Nilimshukuru na nikamlipa. Miezi minne mke wangu alikaa kiti cha abiria akiwa mjamzito, mbele ya mfuko ambao haukuwepo. Siwezi kulisimulia bila kuumia, na ndiyo maana nasema: mtu anayekuzimia taa hiyo si fundi.

Dalili za gari lililowahi kufunguka mifuko: ubao wa dashibodi upande wa abiria una rangi iliyopishana kidogo, mstari wa mfuniko umefutika au umebandikwa gundi, kifuniko cha usukani kinacheza, mkanda wa kiti umekwama hauvutiki. Kama una karatasi ya mnada wa Japani, daraja la R au RA linakuambia gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali.

Usirudishe mfuko wa kununua kwenye maduka ya spea za mtumba, kama ya Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Huo mfuko umetoka kwenye gari lililokatwa, na inawezekana kabisa ni kopo lilelile lililoitwa. Kuna na bandia: Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya kuhusu makopo bandia yaliyokuwa yameua watu watatu ndani ya miezi tisa.

Dalili: mlangoni kuna stika ya rikoli, lakini namba inaonyesha bado

Wajapani wakimaliza kazi ya wito hubandika stika ndogo yenye namba kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karibu na pale mlango unapofungia. Ukiiona usishangilie kabla ya kuisoma. Wito ulikuja kwa awamu. Gari moja liliweza kuitwa kwa kopo la dereva mwaka mmoja, na kwa la abiria miaka mitatu baadaye. Tena baadhi ya makopo yaliyowekwa mwanzoni yalikuwa mapya lakini ya aina ileile, bila kidonge cha kunyonya unyevu, yakaitwa kwa mara ya pili. Linganisha namba ya stika na namba ya wito kwenye ukurasa wa kiwanda. Zisipofanana, stika hiyo ni ya wito mwingine.

Kuanzia Mei 2018 Japani ilianza kuyanyima magari ya hatari zaidi cheti cha ukaguzi wao wa lazima kama hayajabadilishwa kopo. Kwa hiyo gari lililotoka Japani muda mrefu baada ya hapo lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa limetengenezwa. Lililokuja kabla ya 2018, chukulia kwamba bado mpaka uthibitishe.

Dalili: wakala anasema "gari hili hatukuliuza sisi"

Utaambiwa hivyo kaunta, na mara nyingi mwenye kukujibu si mwenye uamuzi. Usigombane naye. Andika barua pepe kwa idara ya huduma ukiweka namba ya chesisi, namba ya wito na picha uliyopiga, uulize maswali mawili: je, mnabadilisha kopo hili kwa magari yaliyoagizwa kutoka Japani, na kama hapana, nani anabadilisha? Omba jibu la maandishi. New Zealand nayo imejaa mitumba ya Kijapani, na ilipotoa amri ya lazima mwaka 2018 mitumba hiyo ilihesabiwa humo humo.

Jibu likiwa hapana, Tanzania peleka nakala kwa Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake. Kenya ni Mamlaka ya Ushindani. Kopo likipatikana, kulibadilisha ni kazi ya saa chache. Kazi ya wito wa kiwanda haina malipo. Ukidaiwa fedha za kopo, uliza kwa maandishi ni kwa nini.

Usikubali fundi wa mtaani alitoe kopo hata kama ana nia njema. Kopo bovu likianguka au likipashwa moto mkononi mwake halina huruma.

Wakati unasubiri

Ikiwa ni kopo la abiria, kiti cha mbele kibaki wazi. Mama, watoto, mgeni, wote nyuma, mkanda umefungwa. Ikiwa ni la dereva, na hasa kwenye Honda za 2001 hadi 2003, ambazo kati ya baadhi ya makopo yake yaliyojaribiwa Marekani, hadi nusu yalipasuka, gari lisiendeshwe. Livutwe mpaka kwa wakala. Kwa magari mengine ya upande wa dereva ambayo huna budi kuyatumia, safari ziwe chache, na kiti kirudishwe nyuma hadi kifua kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani. Pima kwa rula, usikisie. Egesha kivulini.

Usichomoe mfuko mwenyewe na usiondoe fyuzi yake. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo inaiua mifuko yote pamoja na mikanda inayojikaza.